Ufunguo wa taa ya kijijini umo simuni mwako

Hebu jiweke katika hali hii. Ni saa mbili kasoro robo usiku. Umerudi kutoka kazini, umevua viatu, na unangoja chai ichemke hapo nyumbani kwako Umoja, au Changamwe, au Kondele. Simu inalia. Ni mama kutoka mashambani. Baada ya salamu, habari za mvua na habari za ng'ombe aliyezaa, anakohoa kidogo kisha anasema: "Mwanangu, hii taa yenu imekataa kuwaka tangu jana."

Unashtuka, kwani taa yenyewe si ya stima ya waya. Ni ya jua, na jua huko liliwaka mchana kutwa. Betri imejaa. Balbu haijaungua. Kilichotokea ni kwamba siku ulizozilipia zimekwisha, nacho kile kisanduku kilichotundikwa ukutani kimejifunga chenyewe, kama duka linalofunga mlango mbele ya mteja mwenye deni.

"Pole mama, nilisahau," unajibu kwa aibu. Unabonyeza simu mara chache, unatuma Sh300, na kabla chai haijachemka taa imewaka katika nyumba iliyo mbali nawe kilomita 300 au zaidi.

Naam, mambo haya yamekuwa ya kawaida nchini hata hatuyashangai tena. Lakini yafaa tuyashangae kidogo. Kisanduku hicho kinachojifunga na kujifungua kimefanya jambo ambalo mipango mingi mikubwa ilishindwa kulifanya kwa miaka mingi: kimeitoa koroboi katika mamilioni ya nyumba za mashambani. Na ufunguo wake, mara nyingi kuliko tunavyodhani, unashikwa na mtu wa mjini. Pengine ni wewe.

Moshi wa koroboi

Wale waliosomea mashambani hawahitaji kuelezwa koroboi ni nini. Kwa faida ya vijana waliozaliwa na kulelewa kwenye stima, ni kikopo cha bati kilichotobolewa juu, kikatiwa utambi wa kitambaa au pamba na kujazwa mafuta ya taa. Haina kioo cha kuukinga moto, kwa hivyo upepo ukipita mwali unalala upande mmoja na moshi mweusi unapanda hadi darini. Ukiidurusia kwa saa mbili, asubuhi ukipenga kamasi unatoka masizi. Vitabu vilikuwa na kona zilizoungua. Nywele za mbele nazo ziliungua, hasa za yule aliyesinzia.

Hayo ni ya kucheka. Yasiyo ya kucheka ni nyumba za nyasi zilizoteketea usiku, na watoto wadogo waliokunywa mafuta ya taa kwa sababu yalihifadhiwa katika chupa ya soda. Madaktari wa watoto katika nchi nyingi zenye hali kama yetu wanakujua kisa hicho vyema.

Kuna jambo jingine ambalo halikujulikana sana hadi mwaka 2012, wakati watafiti kutoka Marekani walipochapisha matokeo ya kupima moshi wa taa za utambi. Waligundua kwamba kati ya asilimia 7 na 9 ya mafuta yanayochomwa katika taa hizo hayawi mwangaza wala hewa ya ukaa, bali huwa masizi matupu. Kiasi hicho kilikuwa karibu mara 20 ya kile kilichokadiriwa awali. Masizi meusi yakiwa hewani hunasa joto la jua kwa nguvu sana, ingawa hayakai huko muda mrefu kama hewa ya ukaa, au kaboni kama tunavyozoea kuiita. Kwa ufupi, koroboi ndogo ina hatia kubwa kuliko umbo lake.

Lakini tusimwonee mtu wa kijijini. Lita moja ya mafuta ya taa ikichomwa hutoa kilo mbili na nusu hivi za hewa ya ukaa. Tuseme nyumba inatumia lita 4 kwa mwezi. Kwa mwaka ni lita 48, yaani kilo 120 za hewa hiyo. Petroli ya kujaza tangi la gari dogo mara moja tu hutoa karibu kiasi hicho hicho. Wewe mwenye gari unaweza kukimaliza kwenye msongamano wa Barabara ya Mombasa kabla ya wiki kwisha. Kenya nzima hutoa chini ya asilimia 1 ya hewa inayochafua anga la dunia.

Kwa hivyo mtu asikuambie kwamba nyanya yako anapaswa kuzima koroboi ili kuyaokoa mataifa tajiri na joto waliloliwasha wenyewe. Sababu nzuri ni nyingine. Taa ya jua ina mwangaza zaidi, haichomi nyumba, haimtii mtoto sumu, na jua lenyewe halilipiwi. Hewa kuwa safi ni faida inayokuja pamoja na hayo. Maendeleo yenye kaboni kidogo yakiletwa mlangoni kwa sura hiyo, hakuna mwanakijiji atakayeyakataa.

Tatizo halikuwa paneli

Paneli za jua si kitu kipya nchini. Tangu miaka ya themanini na tisini, walimu, wafanyabiashara na wakulima wa chai na kahawa wenye uwezo walikuwa wakizinunua kutoka maduka ya mijini, wakazifunga juu ya mabati pamoja na betri ya gari, na majirani wakaja kutazama runinga jioni. Jua lilikuwapo. Vifaa vilikuwapo. Kilichokosekana ni namna ya mtu anayepata Sh200 kwa siku, na siku nyingine asipate kitu, kulipia chombo cha maelfu ya shilingi.

Fikiria jinsi mafuta ya taa yalivyouzwa. Mama alimtuma mtoto dukani na chupa na shilingi kumi au ishirini. Muuza duka alipima kiasi cha usiku mmoja. Ilikuwa ghali ukijumlisha, lakini ililingana na mfuko wake. Stima ya waya ilidai vingine kabisa. Kabla ya mwaka 2015 ada ya kuunganishiwa stima ilikuwa Sh35,000. Serikali iliposhusha ada hiyo hadi Sh15,000 mwaka huo, na kuruhusu ilipwe kidogo kidogo, nyumba nyingi zilipata waya. Stima hiyo si adui wa hewa safi, kwani sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, mabwawa ya maji, na upepo wa Marsabit. Ila nguzo hazifiki kila mahali. Nyumba iliyo peke yake ng'ambo ya kilima, au boma la mfugaji Samburu, litazingoja sana.

Ndipo simu ilipoingia. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na baada ya miaka michache hata mzee asiyejua kusoma alikuwa na mjukuu wa kumtolea pesa kwa wakala. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza taa za jua kwa mkopo, na jina lake halikuficha kitu. Mmoja wa waanzilishi wake, Nick Hughes, alikuwa miongoni mwa waliobuni M-Pesa walipokuwa katika kampuni ya Vodafone. Mpango ulikuwa rahisi kueleza: toa arubuni ya Sh3,000 hivi, uende nyumbani na paneli ndogo, taa, waya wa kuchajia simu na redio, kisha ulipe Sh40 kila siku kwa mwaka mmoja. Ukimaliza, taa ni yako. Kampuni nyingine kama d.light na Sun King nazo zikaingia katika biashara hiyo.

Sasa, ni mkopeshaji gani mwenye akili timamu anayempa mtu asiye na hatimiliki, asiye na hati ya mshahara na asiye na akaunti ya benki kifaa cha maelfu ya shilingi akaende nacho bondeni? Jibu limo ndani ya kile kisanduku. Katika aina moja mna kadi ya simu kama ile iliyo katika simu yako. Pesa zikilipwa, kompyuta ya kampuni inasoma nambari ya akaunti, inahesabu ni siku ngapi, na kupitia mtandao wa simu inakiambia kisanduku kiruhusu umeme. Siku zikiisha kinafunga. Katika aina nyingine hakuna kadi. Mteja hupokea ujumbe wenye tarakimu kadhaa, akazibonyeza kwenye kisanduku, kama unavyofanya na mita ya stima ya kulipia kabla. Kampuni haihitaji kumtuma mtu na pikipiki kudai deni kila jioni. Gharama ya kudai Sh40 imekaribia kuwa sufuri, na hapo ndipo biashara yote iliposimama.

Ndiyo maana nasema teknolojia ya dijitali haikuleta mwangaza wenyewe. Iliyafanya malipo yawe madogo kama yale ya chupa ya mafuta.

Matokeo yake tunaweza kuyasoma katika sensa. Mwaka 2009 zaidi ya theluthi mbili ya nyumba nchini zilitegemea mafuta ya taa kwa mwangaza, na waliotumia jua walikuwa asilimia 1.6 tu. Kufikia sensa ya 2019, stima ya waya ilikuwa imefikia nusu ya nyumba zote, na jua lilikuwa linaangazia asilimia 19.3, karibu nyumba moja kati ya kila tano. Siyo simu peke yake iliyofanya hivyo. Bei ya paneli ilishuka duniani kote, balbu za kisasa zikahitaji umeme kidogo sana, na mwaka 2018 mafuta ya taa yaliongezewa ushuru wa Sh18 kwa lita ili kuwazuia wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Ushuru huo uliwaumiza maskini kabla ya kuwasukuma kwenye jua, na wengi walilala gizani katikati ya hali hizo mbili. Vivyo hivyo kodi ya VAT ilirudishwa kwa vifaa vya jua mwaka 2020 na kuondolewa tena mwaka 2021. Wakubwa wanapovutana juu ya asilimia, huko chini mtu anahesabu vibiriti.

Betri imejaa, taa haiwaki

Turudi kwa mama na taa iliyokataa. Hapa ndipo kwenye donda, na sipendi jinsi matangazo ya biashara yanavyolipita, yakituonyesha mtoto mwenye tabasamu na kitabu chake.

Koroboi ikiishiwa mafuta, mtu anakosa mafuta. Taa ya mkopo ikifungwa, mwenye nyumba anakaa gizani akiwa na umeme aliovunwa na paa lake mwenyewe, umeme uliojaa ndani ya betri iliyo ukutani mwake. Wako wanaouita huo ukatili. Wako wanaosema bila kufuli hilo asingekopeshwa kabisa, na angekuwa bado na koroboi. Wote wanasema kweli.

Ushahidi mmoja mzuri juu ya kufuli hilo unatoka kwa majirani zetu wa Uganda. Kampuni ya Fenix International ilikuwa na wateja waliokwisha kulipia taa zao za jua. Iliwapa baadhi yao mkopo wa karo, na dhamana ikawa taa ile ile: usipolipa karo, taa inafungwa. Watafiti Paul Gertler, Brett Green na Catherine Wolfram waliwalinganisha waliopewa mkopo wenye kufuli na waliopewa bila kufuli. Kufuli lilipunguza sana idadi ya wasiolipa, kwa watu 19 hivi katika kila 100. Na familia zilizopata mikopo hiyo zilipeleka watoto wengi zaidi shuleni. Tafakari hilo kidogo, msomaji. Mzazi asiye na shamba lenye hati wala ng'ombe wa kuweka rehani alipata karo kwa sababu alikuwa na taa inayoweza kuzimwa kutoka mbali.

Hali hii ina pande mbili na haitaacha kuwa nazo. Yule aliyelipa Sh40 kila siku bila kukosa amejiandikia historia ambayo hakuna benki iliyowahi kumwandikia. Kwa historia hiyo amekopeshwa runinga, simu, jiko, na siku hizi hata pikipiki ya umeme. Lakini mlango wa mkopo ukishafunguka, haujifungi. Nyumba iliyomaliza deni la taa mwezi wa Agosti inashawishiwa runinga mwezi wa Septemba, na taa ile iliyokwisha kulipwa inakuwa rehani ya runinga. Waulize watu wa nyumbani kwenu kama wanalielewa hilo. Wengi hawaelewi, kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwa lugha wanayoisikia vizuri.

Tena pesa za mashambani haziji kila siku. Mkulima wa chai hungoja bonasi, wa mahindi hungoja mavuno, na kibarua hungoja mvua ili apate shamba la kulima. Kumwambia mtu kama huyo "Sh40 tu kwa siku" ni kumpimia maisha yake kwa saa ya mtu wa mjini. Kampuni zenye busara huruhusu mteja kulipa siku nyingi kwa mpigo akipata, na kukaa kimya akikosa bila kutozwa faini. Hilo ni swali la kuuliza kabla ya kutia sahihi, wala si baada ya kuingia gizani.

Yale ambayo taa haiwezi

Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu mtapenda kujua kama taa ya jua huleta alama nzuri. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti mdogo wa Chishio Furukawa uliofanywa Uganda, ambapo wanafunzi waligawiwa taa za jua. Walisoma kwa muda mrefu zaidi usiku, lakini alama zao hazikupanda, zilishuka kidogo. Dhana mojawapo ilikuwa kwamba taa ambazo hazikuchajiwa vya kutosha zilimetameta na kuwachosha. Utafiti mmoja hauwezi kuwa neno la mwisho. Hata hivyo unatukumbusha kwamba taa haimfundishi mtu hesabu, na kwamba taa iliyoachwa kivulini mchana haina faida usiku.

Jambo la pili ni jikoni. Paneli ndogo ya taa haiwezi kuchemsha hata kikombe cha uji. Kuni na makaa ndiyo moto mkubwa wa mashambani, na moshi wake unaingia mapafuni mwa mama kila siku asubuhi na jioni. Nyumba inaweza kuwa na balbu nne za jua sebuleni na mafiga matatu jikoni, na nyumba za aina hiyo ni nyingi. Majiko yanayotumia kuni chache yapo, gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa simu imeanza katika mitaa ya mijini, lakini safari ya jikoni iko nyuma ya safari ya taa. Ukimsikia mtu akisema kijiji chake tayari kimeingia katika nishati safi, mwombe akupeleke jikoni.

Shambani, kwa upande mwingine, mpango ule ule wa malipo umeanza kufanya kazi ya maana. Pampu ya petroli ya kunyunyizia sukumawiki na nyanya ni mwizi wa usiku na mchana. Faida ya mboga huishia kwenye kituo cha mafuta. Kampuni kama SunCulture zimekuwa zikiuza pampu za jua kwa awamu hapa Kenya, na kisanduku cha pampu kinaweza kutoa taarifa kwa mbali ili fundi ajue kasoro mapema. Pampu inauzwa kwa pesa nyingi kuliko taa, lakini tofauti na taa, yenyewe inamletea mkulima pesa za kuilipia. Mimi ningepewa nafasi ya kuchagua kifaa kimoja cha kumkopea mjomba mwenye robo eka karibu na mto, ningeanza na pampu.

Kabla hujawanunulia wazee

Likizo zinakuja, na wengi wenu mtataka kuwapelekea wazazi zawadi yenye maana. Taa ya jua ni zawadi nzuri. Ila ukitoa arubuni peke yake, umewapelekea wazee deni lililofungwa utepe.

Piga hesabu yote. Tuseme arubuni ni Sh3,000 na malipo ni Sh40 kwa siku 365. Hiyo ni Sh14,600 juu ya arubuni, jumla Sh17,600. Mwulize wakala bei ya pesa taslimu ya kifaa hicho hicho, uone tofauti, kisha uamue kama wewe mwenye mshahara unahitaji mkopo huo. Mara nyingi hauhitaji. Ndugu wanne wakichangia, kifaa hununuliwa siku moja, hakina kufuli, na mama hatapiga simu ya aibu.

Kama ni lazima kiwe cha mkopo, amueni mapema nani analipa. Hapa familia nyingi hukosana. Kaka mkubwa anadhani dada anatuma, dada anadhani baba analipa kutoka maziwa, na baba, kwa heshima yake, hataki kuwakumbusha. Ni afadhali mmoja wenu alipe mwezi mzima siku ya mshahara kuliko watu watatu wenye nia njema. Kifaa nacho kiandikishwe kwa kitambulisho na nambari ya nani? Kikiandikishwa kwa jina la baba, naye anafanya kazi mbali au simu yake imepotea, mama atabaki na kisanduku asichoweza kukisemea mbele ya kampuni. Mwandikisheni yule anayelala katika nyumba hiyo.

Jihadharini pia na matapeli. Malipo ya kweli huenda kwa nambari ya malipo ya kampuni pamoja na nambari ya akaunti ya kifaa, si kwa simu ya mtu binafsi anayedai kuwa wakala. Wazee wetu huogopa giza la ghafla, na mtu akiwapigia kuwaambia taa itazimwa leo wasipotuma Sh500, watatuma. Kuhusu habari zao binafsi, tangu mwaka 2019 nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Data. Mteja ana haki ya kuuliza kampuni inaweka habari gani zake na inampa nani.

Uliza habari za dhamana na betri. Paneli huishi miaka mingi, lakini betri huchoka kwanza, na hapo ndipo taa nyingi hugeuka kuwa mapambo ya ukutani. Kuna duka la kampuni katika mji wa karibu, au fundi ni yule kijana wa kutengeneza redio pale sokoni? Betri iliyokufa isitupwe shimoni wala isipasuliwe na watoto. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inamtaka mwenye kuuza bidhaa abebe jukumu lake hata baada ya bidhaa kuchakaa, kwa hivyo mrudishieni.

Na ukifika nyumbani, kabla hujakaa kunywa chai, toka nje uangalie juu ya paa. Vumbi la kiangazi likikaa juu ya paneli linapunguza umeme, na kitambaa chenye maji kinatosha kuliondoa. Tazama pia ule mwembe au mgrivelia ulio kando ya nyumba. Paneli ilipofungwa, huenda mti ulikuwa mfupi. Sasa umekua, kivuli kinafika paani saa nane mchana, na mama anadhani taa inafifia kwa sababu hukulipa. Panda ngazi uisogeze paneli. Halafu andika nambari ya akaunti ya kifaa kwa kalamu nzito nyuma ya mlango, mahali ambapo hata mgeni ataiona, kwani siku simu ya mama itakapoangukia majini hakuna mwingine anayeikumbuka.